Mbwa anayefukuza tohe: bakora haimfundishi tunachodhani

Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, kama Mkwaja wilayani Pangani, mbwa anayefukuza wanyamapori hana watetezi wengi. Wahifadhi wanataka afungwe, na hoja yao ni nzito: mwaka 1994 takribani theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa ugonjwa wa distempa uliohusishwa na mbwa wa kufugwa, na mbwa asiyechanjwa akiumana na mbweha porini anaweza kurudi na kichaa hadi uani wanakocheza watoto.

Hata hivyo, mkulima anayekesha dunguni hakufuga mbwa kwa ajili ya pambo. Anamtaka awinge ngedere mchana na nguruwe pori usiku, kisha sisi tunashangaa mbwa huyohuyo asipotofautisha ngedere aliyeingia kwenye mahindi na tohe, mnyama wa jamii ya swala, anayejilia nyasi zake ng'ambo ya mpaka, mpaka ambao hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Linaloharibu zaidi ni bakora. Mbwa anatimka, mwenyewe anaita hadi sauti inakauka, na baada ya nusu saa mbwa anarejea ulimi nje, mkia ukitikisika, akapokewa kwa kipigo. Mwenyewe anaamini ameadhibu kufukuza. Lakini mbwa huunganisha maumivu na jambo analolifanya wakati huohuo, na wakati huo alikuwa akirudi. Raha ya mbio ameshaipata porini, uchungu ameukuta nyumbani. Kosa hilo nililifanya mimi mwenyewe kwa mbwa wangu Bosi, na kwa miezi kadhaa nikimwita alisimama hatua kumi kutoka nilipo, akinikwepa kama mdai wake.

Mafunzo yanayofaa huanza kabla ya mbio: kamba ya mita 10, dagaa wakavu mfukoni, na jina liitwe pale masikio yanaposimama na mguu mmoja wa mbele unaponyanyuka. Akigeuka, apewe dagaa papo hapo. Akishatimka, kuita mfululizo kunamzoesha kulipuuza jina lake.

Kazi hii huchukua miezi, wala haiondoi haja ya chanjo, ambayo hudhibiti kichaa ikiwafikia mbwa wapatao asilimia 70. Wala kamba haistaafu. Bosi ninamwachia shambani. Alfajiri karibu na mpaka, tohe wanapokuwa malishoni, ncha ya kamba bado naizungushia kiganjani.