Nyasi au nafaka? Hesabu ya nyama ya Malindi

Hoja imefika hata Malindi, kwenye menyu za hoteli na kwenye simu za watu wanaoangalia afya zao: nyama ya ng'ombe aliyelishwa nyasi ina lishe bora na haiharibu mazingira, ile ya aliyenoneshwa kwa nafaka ina kasoro zote mbili. Hoja hiyo inatoka Marekani, ambako ng'ombe wengi humalizia miezi yao ya mwisho zizini wakila mahindi, na huchinjwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Kwetu karibu kila paja linaloning'inia buchani ni la nyasi tayari. Linalotuhusu sisi ni nyasi zenyewe zina hali gani, na ng'ombe anazila kwa miaka mingapi.

Kwa upande wa lishe, protini, madini ya chuma, zinki na vitamini B12 havitofautiani kiasi cha kumshughulisha mlaji. Tofauti iko kwenye mafuta. Ng'ombe wa nyasi ana mafuta machache, yenye omega-3 nyingi zaidi (aina ya mafuta yanayosifiwa kwa afya ya moyo), vitamini E na karotini. Karotini ndiyo huyapa mafuta rangi ya manjano, yale ambayo wateja wengine humwambia muuzaji ayakate wakidhani ng'ombe alikuwa kikongwe. Wa nafaka ana mafuta meupe yaliyopenya ndani ya nyama, na ndiyo maana steki yake hulainika upesi. Yetu bila papai bichi, mishikaki utaitafuna mpaka taya zichoke.

Ila omega-3 hizo zisitupumbaze. Gramu 100 za nyama ya nyasi hazikupi hata robo ya gramu. Mlo mmoja wa samaki aina ya una unazidi nyama ya wiki nzima. Kumsifia mtu wa pwani nyama kwa omega-3 ni sawa na kumpelekea mvuvi chumvi. Tena faida yenyewe inafuata nyasi mbichi. Kaskazi ikishika, malisho ya Magarini na ya delta ya Tana hukauka, na nyasi kavu hupoteza sehemu kubwa ya karotini na ya omega-3. Nyama ya Februari na nyama ya baada ya mvua za mwaka, yaani masika, zinaitwa zote za nyasi, lakini lishe yake si moja.

Kwenye mazingira ndiko ubishi ulikonoga. Vijidudu tumboni mwa ng'ombe huchachusha malisho na kutengeneza methani, ambayo hutoka zaidi kwa mdomo anapocheua, wala si huko nyuma kama mzaha wa barazani unavyodai. Kwa kipimo cha miaka 100, gesi hiyo hupasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kaboni dioksidi. Nafaka huchachuka kwa namna inayotoa methani kidogo, na ng'ombe hukua haraka. Kwa kila kilo ya nyama, basi, zizi la nafaka linashinda hapo.

Watetezi wa nyasi hujibu kwamba ardhi ya malisho hufukia kaboni. Ni kweli, kwa kadiri. Ripoti ya watafiti wa Oxford ya 2017 ilikadiria kuwa malisho yakitunzwa vizuri yanaweza kufidia asilimia 20 hadi 60 tu ya gesi za mifugo hao, na udongo ukishashiba hauongezi tena. Yakichungwa kupita kiasi, udongo wenyewe unahama. Mvua zikinyesha bara, mto Sabaki huleta tope mpaka ghuba ya Malindi ikageuka rangi, na kilimo cha miteremkoni kina lawama humo sawa na mifugo.

Nafaka nayo ina deni lake: shamba, mbolea, maji. Ng'ombe hula kilo sita au zaidi za chakula ili aongeze kilo moja ya uzito, na mahindi hapa ni ugali. Galana, ranchi iliyojulikana kwa ng'ombe wa aina ya Boran, ndiko serikali ilikoanzisha mwaka 2014 mradi wa kumwagilia mahindi ili watu wale. Kuyarudisha mahindi hayo kwa ng'ombe sikuafiki.

Ninachoafiki ni kumaliziwa zizini kwa miezi mitatu hivi, kwa pumba, mashudu ya nazi au ya pamba na mabua yanayobaki baada ya mavuno. Sababu kubwa ni kiangazi. Ng'ombe anayekonda kila kaskazi na kunenepa kila mvua hutoa methani miaka minne au mitano kwa nyama ambayo angeipata kwa mitatu. Na akifa njiani, gesi imekwenda na nyama hakuna: ukame uliokosesha misimu mitano ya mvua kuanzia 2020 uliua takriban mifugo milioni 2.5 Kenya.

Kikwazo kiko mnadani. Mfugaji wa Kiorma akileta dume lake kutoka pande za Garsen, kwa kawaida dalali humpapasa nundu na mbavu, akataja bei kwa jicho. Pasipo mizani, kilo 40 zilizoongezwa kwa mashudu ya kununua huenda zisimrudishie hata gharama, basi anaona heri amwache dume porini mwaka mwingine.