Mansun hawakuwa nguvu ya soda

Jumamosi iliyopita rafiki yangu alinitembelea hapa Liverpool. Sote wawili tumetoka Tanga. Tulikula pilau, tukazungumza ya nyumbani, nani kaoa, nani kajenga, mpaka akasimama mbele ya rafu yangu ya CD akachomoa moja ya Mansun, bendi ya roki ya Uingereza. Akaigeuza huku na huku.

"Bado unawasikiliza hawa? Kaka, hawa walikuwa nguvu ya soda tu. Albamu tatu, wakapotea."

Nilimjibu kwa ufupi, maana mgeni hagombezwi. Lakini tangu siku ile sijatulia, na ndiyo maana naandika. Soda ikifunguliwa hufoka, ikatulia, na kesho yake hata mtoto haitaki. Bendi imevunjika mwaka 2003 na mpaka leo kuna watu wazima, wenye watoto na mikopo ya nyumba, wanabishana kuhusu mpangilio wa nyimbo kwenye albamu yake ya pili. Hiyo ni soda gani?

Mimi nilifika Uingereza Septemba 1998, mwezi uleule ilipotoka Six, hiyo albamu yao ya pili. Chumba cha jirani kwenye nyumba yetu ya wanafunzi alikaa kijana wa huku huku Merseyside, na albamu ile aliipiga usiku na mchana. Mwanzoni niliichukia. Unaanza kuuzoea wimbo, dakika tatu baadaye umegeuka wimbo mwingine kabisa, gitaa zinakatika, mdundo unabadilika, na huko katikati anaingia mwigizaji Tom Baker kwa sauti yake nzito akisoma maneno kama mzee anayehutubia msibani. Karibu dakika 70 za namna hiyo. Wiki ya pili nilikwenda kumgongea mlango, na alidhani nimekuja kulalamika. Nilikwenda kumuuliza ule wimbo mrefu unaitwaje.

Kutoka hapo nikarudi nyuma, kwenye Attack of the Grey Lantern, albamu yao ya kwanza iliyoshika nambari moja Uingereza Februari 1997. Vijana wa Chester, mji mdogo wenye ukuta wa Kirumi, dakika kama 45 kwa treni kutoka hapa nilipo. Paul Draper akiimba na kuandika, Dominic Chad kwenye gitaa, Stove King kwenye besi, Andie Rathbone kwenye ngoma. Wenzao wa miaka ile walikuwa wakishindana nani ataimba kiitikio rahisi zaidi ambacho walevi wataweza kukirudia uwanjani. Hawa walitoa albamu ambayo nyimbo zake zimeungana bila pengo kuanzia mwanzo hadi mwisho, na bado ikapanda juu ya chati. Mwaka ule ule, kwa video ya Taxloss, walimwaga noti za pauni tano tano, jumla pauni 25,000, ndani ya stesheni ya Liverpool Street kule London, kamera zikiwapiga picha abiria wakizigombania. Nilipoiona mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa mwanafunzi, najua pauni tano ni chakula cha siku ngapi.

Sasa turudi kwenye hoja ya rafiki yangu, kwamba walipotea. Kuna jambo halijui, na laiti angelijua asingesema lile neno.

Bendi ilipovunjika mwaka 2003 ilikuwa katikati ya kurekodi albamu ya nne. Haikuwa na jina. Nyimbo nyingine zilikuwa zimeiva, nyingine nusu, nyingine mifupa mitupu. Kwa kawaida kazi ya namna hiyo hufungiwa kwenye ghala la kampuni ya rekodi na huko ndiko inakoozea. Hakuna ziara ya kuitangaza, hakuna bendi ya kusimama jukwaani, kwa hiyo hakuna mfanyabiashara mwenye sababu ya kuigusa. Mashabiki walikataa. Wakaanzisha ombi, wakakusanya saini, wakadai nyimbo zile zitolewe hivyo hivyo zilivyo, na nyufa zake. Na Draper akawasikia. Akakaa na zile kanda, akachagua, akapanga, na Septemba 2004 kampuni yao ya rekodi, Parlophone, ikatoa Kleptomania, diski tatu. Ya kwanza ndiyo ile albamu ya nne isiyokamilika. Ya pili na ya tatu ni singo ambazo hazikuingia kwenye albamu yoyote, nyimbo za upande wa pili wa singo, demo, yaani rekodi za majaribio, na vitu ambavyo havijawahi kusikika.

Naomba msomaji ulitafakari hilo. Watu hawa hawakuwa wakidai tiketi wala fulana. Bendi ilikuwa imekwisha. Walikuwa wanajua kwamba watakachopata ni kazi pungufu, sauti ya watu wanaoachana, na bado walisema tunaitaka. Ni kama ndugu wa marehemu wanaokwenda kudai daftari lake ofisini, hata kama kurasa za mwisho hazikuandikwa. Ukiisikiliza ile diski ya kwanza unasikia mahali ambapo wimbo ulihitaji wiki mbili zaidi, na wiki hizo hazikuwepo. Mimi huwa nalia nikifika karibu na mwisho wake, na sioni haya kusema.

Bila zile saini, nyimbo zile zisingekuwapo leo kwenye rafu yangu, wala kwenye simu ya mtu yeyote. Ndiyo maana neno "kupotea" limeniuma. Kilichotaka kupotea, mashabiki walikirudisha kwa mikono yao.

Na huo haukuwa mwisho. Mwaka 2014 mashabiki walikutana Chester, miaka kumi na moja baada ya bendi kufa. Draper alipotoa albamu yake binafsi, Spooky Action, mwaka 2017, walikuwa pale pale wakimsubiri. Mwaka uliofuata alizunguka akipiga Attack of the Grey Lantern yote, wimbo kwa wimbo, nami nilikwenda. Pembeni yangu alisimama baba mmoja na binti yake wa miaka kama kumi na mitano. Bendi ilivunjika kabla binti hajazaliwa au akiwa mchanga, lakini alikuwa akiimba kila neno macho yamefumba, na baba yake alikuwa akimtazama yeye badala ya jukwaa. Mwaka 2020 likaja boksi la diski 25, Closed for Business, kuadhimisha miaka 25 tangu bendi ianze. Boksi kubwa hivyo halitengenezwi kwa ajili ya bendi isiyo na watu.

Watu wengine wananiambia huku ni kuukumbuka ujana tu. Shangazi yangu kule Tanga ana kanda za Lucky Star, kikundi cha taarab cha Tanga, alizozifunga kwenye kanga na kuziweka juu ya kabati, na redio ya kuzipigia ilishakufa zamani. Mara mbili nimemwona akizishusha, akazipangusa vumbi, akasoma majina, akazirudisha. Hakuna aliyewahi kumwambia shangazi kwamba anaukumbuka ujana tu. Tunajua anahifadhi kitu.

Kinachowafunga mashabiki wa Mansun kwa bendi hii, kwa maoni yangu, ni kwamba haikuwahi kuwadharau. Karibu kila singo ilitoka kama EP, rekodi fupi ya nyimbo chache, yenye namba yake, One, Two, Three, na kuendelea, na ndani yake nyimbo mpya ambazo hazimo kwenye albamu. Nyingine ni nzuri kuliko nyimbo ambazo bendi nyingine zilijengea jina. Aliyenunua singo kwa pesa ya nauli alikuta zawadi. Jalada la Six nalo lilijazwa mafumbo, vitabu, sura za watu, vitu vidogo vidogo pembeni ambavyo mashabiki wameendelea kuvifumbua mwaka hadi mwaka. Anayekupa fumbo anakuamini kuwa una akili. Mtu hamsahau mtu aliyemwamini hivyo akiwa na miaka kumi na tisa.

Nakubali, Little Kix, albamu yao ya tatu ya mwaka 2000, ni laini mno. Draper ndiye aliyeongoza utayarishaji wa zile mbili za mwanzo, mara hii aliletwa mtayarishaji wa nje, Hugh Padgham, na unayasikia yale makali yakiwa yamepigwa msasa. Ina I Can Only Disappoint U, ambao uliingia kumi bora na unastahili. Nyingine nazivumilia. Na nakubali pia kwamba bendi iliyowahi kushika nambari moja haiwezi kulia kwamba haikupata nafasi. Ilipata. Lakini nafasi na heshima ni vitu viwili. Leo hii ukiona orodha za albamu kubwa za Uingereza za miaka ya 90, majina ni yale yale manne, matano, na Six mara nyingi haimo, wakati kati ya hizo zote sijui ni ipi iliyothubutu nusu yake. Bendi imetoka kushika nambari moja, mlango uko wazi, ingeweza kurudia ilichofanya na kutajirika. Ikatoa albamu ngumu kama ile. Ilifika nambari 6.

Kuna wimbo wao, Legacy, ndio singo yao iliyopanda juu zaidi kwenye chati, nambari 7 kiangazi cha mwaka 1998. Maneno yake yanasema kwamba ukishaondoka hakuna atakayejali. Draper anauimba polepole, gitaa la Chad likimfuata kama mtu anayesindikiza mgeni hadi kituoni. Niliuimba miaka mingi nikiukubali. Siku ile mwaka 2018, nikiwa nimesimama karibu na yule baba na binti yake, ndipo nilipoona kwamba ni wimbo pekee wa Mansun ambao mashabiki wake wamekataa kuutii.

Rafiki yangu nimempigia simu jana, nikamwambia lile neno limenikaa kooni. Akacheka, akasema basi ndugu yangu, niazime nisikie mwenyewe. Nimempa diski ya kwanza ya Kleptomania, ile ya albamu isiyo na jina. Nimemwomba asiirudishe mpaka aisikilize mara tatu, garini, peke yake, sauti juu.