Haiwaki, na kila mtu ni fundi

Jamani hivi mtu akisema kompyuta yake haiwaki, ni lazima umuulize kama amechomeka waya? Ni sheria? Maana mimi mtu mzima na akili zangu nimebonyeza kitufe cha kompyuta ya mezani, kimya, hakuna feni hakuna mlio hakuna chochote, nikatoka sebuleni nikatamka maneno mawili tu, "kompyuta haiwaki", aisee. Mama watoto bila hata kuinua macho kwenye simu yake, "umechomeka?" Shemeji aliyekuja kusalimia tu, "shem, waya umeingia vizuri?" Mtoto naye yuko na daftari lake, "baba umewasha ukutani?" Nimechomeka!! Nimewasha ukutani! Taa ya ekstensheni inawaka kila mtu anaiona!

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba swali lenyewe ni la halali. Ule waya mnene unaoingia nyuma ya pawa saplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, una tabia ya kulegea kidogo kidogo bila kukuaga, wewe kwa macho unauona umekaa kumbe umeegemea tu. Halafu pale pale nyuma kuna kaswichi kadogo, upande mmoja kimstari upande mwingine kiduara. Kimstari ni 1, yaani umeme unapita, kiduara ni 0, hamna. Mtu akisogeza meza au akifagia akakigusa, umekwisha. Kwangu kilikuwa kwenye kimstari, nakiri mbele yenu wote, kimstari.

Basi nikapiga huduma kwa wateja kule ilikotoka hiyo mashine. Nikapata dada mmoja mwenye sauti ya upole kabisa, "naomba uizime halafu uiwashe tena". Dada yangu, ningekuwa na uwezo wa kuiwasha ningekupigia nikusalimie tu? Akasema sawa, basi naomba unisomee kilichoandikwa kwenye skrini. Skrini nyeusi dada, najiona mwenyewe humo na kipara changu. Akasema nisubiri kwenye laini, ukaanza muziki.

Wakati nasubiri nikaingia kwenye video za mafundi wa mtandaoni na hapo ndipo nilipokata tamaa na binadamu. Kila video inaanza vizuri, karibuni wapendwa leo tunatengeneza kompyuta isiyowaka, halafu, "chukua pawa saplai nyingine nzima ujaribu". Nyingine? Yaani ndani nimeziweka akiba? Ikikataa, "chukua RAM nyingine", yaani kile kipande cha kumbukumbu ya muda, ikikataa tena "jaribu na madabodi nyingine", yaani ule ubao mkuu unaounganisha kila kitu. Ukifuata hiyo darasa hadi mwisho utakuwa na kompyuta nyingine kamili mezani na ile yako bado haijawaka, na jamaa anakuambia usisahau kusabskraibu.

Kitu kimoja tu walichosema cha maana na bure ni kuchomoa waya wote halafu unashikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 30 hivi, ule umeme uliojificha kwenye kapasita unaisha, unachomeka upya. Kuna mashine zinaamka kwa hiyo tu. Yangu haikuamka, ila nilijisikia nimefanya kazi ya kitaalamu.

Shemeji akaona isiwe tabu, akatokea na bisibisi, anataka afungue pawa saplai yenyewe aangalie ndani kumeungua nini. Nikamwambia shem weka hiyo kitu chini. Mle ndani kuna kapasita kubwa, kwenye umeme wa volti 230 zinashikilia volti zaidi ya 300, na hata ukichomoa ukutani zinaweza kukaa nazo, hazijui kama wewe ni mgeni. Halafu dada yangu, mke wako, nitamwambia nini? Tukafungua kava la ubavuni tu. Vumbi lililokuwemo sitaki kulizungumzia.

Sasa hapo ndani nikaona kitu kikanichemsha damu kabisa. Kwenye madabodi kuna kataa kadogo ka kijani, kanawaka! Yaani umeme umefika, umekaa pale, na mashine haitaki. Mpwa wangu anayesomea mambo haya nikampigia, ndiye aliyenifungua macho, akaniambia mjomba haiwaki zipo nyingi. Kuna ile feni zinazunguka lakini skrini giza, hapo unaanza na RAM, unaitoa unaifuta zile pini zake za dhahabu unairudisha mpaka ilie tak. Kuna ya kulia bipu bipu, hiyo inakutajia ugonjwa wake kwa hesabu ya milio. Kuna ya kuwaka sekunde moja ikajizima, kitu kimegusana mahali au ule waya wa pini 4 au 8 wa prosesa, ubongo wa kompyuta, haujakaa. Halafu kuna yako, imekufa kimya ila kataa kanawaka, maana yake pawa saplai inatoa zile volti 5 za kusubiria, kwa hiyo haijafa yote.

Nikamuuliza, sasa mbona nabonyeza haiji? Ndipo akaniambia habari ambayo mpaka leo sijaimeza. Ati kile kitufe hakiwashi kompyuta! Zamani kilikuwa kinawasha kweli, kinakata na kuunga umeme wenyewe, unasikia kabisa KWAK. Lakini Intel walivyoleta mpangilio wao wa ATX mwaka 1995 kitufe kikashushwa cheo, siku hizi kinagusanisha pini mbili tu kwenye madabodi, yaani kinapeleka maombi. Madabodi ikipokea maombi inashusha volti ya ule waya wa kijani unaokwenda kwa pawa saplai, pawa saplai inapandisha volti zake, 12, 5 na 3.3, inajikagua, ikiridhika inarudisha jibu kwamba mambo safi, ndipo prosesa inaruhusiwa kuanza kazi. Kwa hiyo miaka yote hii najiona bosi nabonyeza, kumbe nimesimama dirishani na barua ya maombi kwenye nyumba yangu mwenyewe kwenye kitu nilichonunua kwa hela yangu!

Fundi alipokuja (yeye pia aliuliza kama nimechomeka, nilimwangalia tu) hakugusa pawa saplai wala RAM. Akafuata zile nyaya nyembamba zinazotoka mbele ya kasha, akachomoa ile ya kitufe, akachukua ncha ya bisibisi akagusanisha pini mbili, nukta tu. Vuuuum. Feni zote, taa, bipu moja ya heshima, skrini hiyo. Kitufe chenyewe ndicho kilichokufa, kile cha plastiki cha kubonyeza, springi yake imechoka, barua hazifiki tena. Madabodi nzima, pawa saplai nzima, mafaili yangu yote yamekaa salama yananisubiri.

Shemeji akasema hata yeye alihisi ni kitufe. Hakuhisi.

Kwa sababu kitufe kingine hakikuwepo, fundi akachukua waya wa riseti, kale kakitufe ka kuianzisha mashine upya, akauchomeka kwenye zile pini za kuwashia, maana navyo ni vile vile, vinagusanisha pini mbili tu. Halafu akataja bei ya hiyo kazi ya kugusa pini mbili na tukazungumza kwa kirefu, akasema ananilipisha kujua pini zipi. Sikuwa na jibu na hilo ndilo liliniudhi.

Kwa hiyo sasa hivi kitufe kikubwa kizuri cha mbele chenye alama yake ni pambo, na kale kariseti ka chini ambako ukubwa wake ni lazima utumie ncha ya kalamu ndiko kanakowasha nyumba. Mashine ikiganda unakashikilia sekunde 4 hivi inazima, unaanza upya, riseti yenyewe haipo tena. Kila anayekaa hapo anabonyeza kikubwa halafu anapaza sauti IMEKUFA TENA. Nikabandika karatasi juu yake, herufi kubwa, KIMEKUFA BONYEZA CHA CHINI. Mtoto akaja akasimama akaisoma yote kwa sauti, akabonyeza kikubwa. Nikamuuliza sasa umesoma nini? Akasema baba nilikuwa nahakikisha.