Nani atasema "muwate mwenzio" (mwache mwenzako)? Wasichana, uonevu shuleni na hofu zetu hapa Amu (Lamu)

Mkutano wa wazazi wa shule moja ya hapa Amu (jina silitaji) ulitakiwa uwe wa nusu saa, ukaja kuisha Alasiri inaadhiniwa na hakuna kilichokatwa. Ajenda yenyewe ilikuwa ndogo. Kuna watu wameleta wazo la kilabu cha kuzuia uonevu na wanataka kiongozwe na wasichana, pamoja na wale watoto wanaochekwa kwa vile hawafanani na msichana au mvulana wa aina tuliyoizoea: msichana anayecheza mpira hadi akaitwa dume, kijana mwenye sauti laini, na huntha, yaani aliyezaliwa na maumbile yasiyo wazi ya kike au ya kiume. Basi hapo pakachafuka. Wengine wakasema hii ni kazi ya mwalimu na mzazi, watoto wasome. Wengine, mbona wasichana tu, mtoto wa kiume kakosa nini. Na mzee mmoja nyuma akasema wazi anachoogopa, kwamba neno jinsia ni mlango tu, na nyuma ya mlango kuna mengine.

Walioleta wazo walipewa kama dakika tano na wakakatizwa mara mbili. Hao wengine mimi siwaoni wajinga, hoja zao nyingine ni nzito na nitazifikia, lakini ule mkutano ulipita juu ya kitu ambacho mtu yeyote aliyelea msichana hapa mjini anakijua.

Muulize mwalimu wa kiume kuhusu uonevu, atakwambia wasichana hawana taabu, wanaogombana ni wavulana. Hadanganyi, ndivyo anavyoona, manake vita vya wavulana vina vumbi na vifungo vya shati vilivyokatika. Ripoti ya UNESCO ya 2019 ilisema karibu mwanafunzi mmoja kwa kila watatu duniani alionewa na wenzake angalau mara moja ndani ya mwezi mmoja, na kwamba wavulana huonewa zaidi kwa mikono, wasichana zaidi kwa maneno na kutengwa. Sasa kwetu sisi maneno ni fani. Mtoto wa kike anakulia ndani ya leso zinazosema, anamsikia mamake na shoga zake wakirushiana vijembe kwa sauti tamu kabisa, anaona kwenye vugo, ngoma ya wanawake ya harusi, mtu anajibiwa kwa wimbo bila kutajwa na ukumbi mzima ushajua ni nani. Mimi naupenda huo utamu, sitaki upotee. Lakini uweke mikononi mwa mtoto wa miaka 13 mwenye simu, halafu uone.

Mpwa wangu yuko gredi ya nane. Mwaka jana rafiki zake, wale wa tangu chuo cha Kurani, walifungua grupu jipya la WhatsApp bila yeye, na kwenye stetasi zao yakaanza maneno ya "kuna watu hata wajifukize udi bado samaki ananukia", na babake ni mvuvi. Hakuna jina, hakuna tusi. Ukienda kwa mwalimu utashtaki nini, fumbo? Wiki tatu mtoto anaumwa na tumbo kila asubuhi ya shule na Ijumaa jioni limepona, na sisi tunampa tangawizi. Aliyekuja kusema si mwalimu wala mamake, ni binamu yake wa darasa lile lile, ambaye muda wote huo alikuwemo ndani ya grupu, anasoma kila kitu, amenyamaza.

Huyo binamu ndiye ninayemfikiria zaidi kuliko hata wale waliofanya. Kuna utafiti wa Canada uliotoka 2001, wa Hawkins na Pepler na Craig, ambao waliwafuata watoto wa shule za msingi uwanjani kwa kamera na maikrofoni ndogo za kuvaa, hawakutegemea kuwauliza watoto wanakumbuka nini. Walipata matukio 306 ya uonevu. Katika asilimia 88 ya matukio hayo palikuwa na watoto wengine wanaangalia. Yaliyopata mtoto wa kuingilia kati, asilimia 19. Na pale walipoingilia, zaidi ya nusu, asilimia 57, uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10.

Tukae hapo kidogo. Sekunde 10. Ni muda wa kusema "muwate mwenzio" na kumeza mate. Si semina, si kamati ya nidhamu, si kuitwa mzazi kutoka Faza apande boti aje asikilize kesi. Kwa hiyo kinachozuia uonevu tunacho tayari, kimesimama pale pale kinaangalia, na mara nyingi hakisemi. Tena mwalimu ndiye ambaye hayupo, manake uonevu unangoja ageuke. Nimewasikia watu kwenye mkutano wakisema walimu waongezwe uwanjani, sawa, waongezwe, lakini mwalimu gani ataongezwa ndani ya grupu la WhatsApp saa nne usiku?

Na utafiti ule ule uliona kitu kingine, kwamba wavulana waliingilia zaidi pale muonevu na muonewa wote ni wavulana, na wasichana pale wote ni wasichana. Hapo ndipo hoja ya wasichana kuongoza inaposimama kwangu, wala si kwa kuwa ni mtindo wa mashirika. Fumbo la msichana anayelifumbua kwanza ni msichana mwenziwe. Anajua "samaki" ni nani kabla ya mtu mzima kumaliza kusoma sentensi. Kumuambia huyu asubiri watu wazima ni sawa na kumpokonya nahodha usukani ukampa abiria kwa kuwa abiria ana mvi.

Halafu kuna wanaosema mwanamke kuongoza si desturi yetu. Hao hata sijui niwajibu vipi, Pate hapo ng'ambo karne ya 18 aliketi Mwana Khadija akatawala, na hakuna shirika lililomleta.

Haya, upande wa pili. Hoja yao iliyo nzito kuliko zote hakuna aliyeitaja mkutanoni, na ingekuwa mimi ndiye napinga ningeanza nayo. 2011 watafiti wawili wa Cambridge, Ttofi na Farrington, walikusanya tathmini za programu 44 za kuzuia uonevu wakazipima pamoja. Kwa jumla zilipunguza uonevu kwa asilimia 20 hadi 23, si haba. Lakini walipochambua kipi kinaenda na matokeo mazuri, mikutano na mafunzo ya wazazi yalikuwemo, usimamizi wa uwanjani ulikuwemo, na zile kazi walizopewa wanafunzi wenyewe za kusuluhisha na kushauri wenzao ziliendana na kuonewa ZAIDI. Hiyo ni takwimu ya kumkosesha usingizi mtu kama mimi. Na hatuhitaji kwenda mbali, 2017 nchi nzima ilisoma habari za shule ya upili ya wavulana ya Alliance, vijana wa fomu wani wakiumizwa usiku bwenini, na walioshutumiwa ni pamoja na maprifekti, yaani hao hao waliopewa beji ya kulinda wenzao. Mtoto ukimpa mamlaka juu ya mtoto bila kumuangalia umetengeneza muonevu mwenye kibali.

Nimeligeuza hilo sana kichwani. Nilipofika ni hapa: beji na uongozi si kitu kimoja, na pengine hilo ndilo lililopotea pale mkutanoni. 2012 hadi 2013 kule New Jersey, Marekani, Paluck na wenzake walichukua shule 56 zenye wanafunzi zaidi ya 24,000. Kwenye shule zilizopata mpango waliteua vikundi vya kati ya watoto 20 na 32, na hawakuwapa mamlaka yoyote ya kuadhibu, waliwaacha wabuni wenyewe cha kufanya. Kuna walichofanya kidogo tu, mkanda wa mkononi wa rangi ya chungwa unaopewa mtu aliyeonekana akifanya jambo jema. Ripoti za ugomvi zilizofika kwa uongozi zikashuka kwa asilimia 30 kwa mwaka mmoja. Na pale ambapo kikundi kilikuwa na wengi wa wale watoto ambao wenzao huwaangalia, matokeo yakawa makubwa zaidi. Hawakuwatafuta wenye alama nzuri au wanaompenda mwalimu, waliwauliza watoto wote wanapenda kukaa na nani, wakahesabu majina.

Kwetu prifekti anachaguliwa vipi? Anayejua kunyamazisha darasa, au ambaye babake anajulikana. Si msichana wa Kizingitini aliyechekwa Kitikuu chake, lahaja ya kwao, muhula mzima halafu akageuka ndiye wote wanaomuiga maneno. Huyo hana beji, ila siku akisema basi, limekwisha.

Kuhusu mtoto wa kiume sina ubishi mkubwa. Unga wa kulevya umetumalizia vijana hapa na Malindi, kila nyumba ina hadithi, na mama akisimama kusema mwanangu naye nani anamuangalia, hana kosa. Lakini zile namba za Canada zinajibu zenyewe, vita vya wavulana vinahitaji wavulana wa kuvizuia, kwa hiyo na wawemo. Ninachokataa ni ile "tungoje mpaka kiwe cha wote" ambayo siku zote maana yake ni kisiwe cha yeyote.

Sasa lile lililomfanya yule mzee asimame. Hofu yake haikutoka hewani. Tangu Mahakama ya Juu iamue Februari 2023 kwamba shirika la kutetea mashoga na wasagaji lisinyimwe usajili, neno jinsia likitajwa mbele ya wazazi huku Pwani watu wanakaa vizuri kwenye viti. Mzazi ana haki ya kuuliza mwanangu anafundishwa nini, na walioleta wazo walikosea kutokuja na jibu lililoandikwa. Ila kuna mambo mawili yamechanganywa. Kumzuia mtoto asichekwe si somo la itikadi. Ibara ya 53 ya Katiba inasema kila mtoto alindwe na ukatili wa aina zote, haikuweka "isipokuwa mwenye sauti laini". Na huntha si jambo lililoletwa na ndege. Vitabu vya fiqhi tunavyosomesha vina mlango wa mirathi yake, fungu lake linahesabiwa vipi, wanazuoni walikaa wakatoa jasho juu ya haki ya mtu huyu karne nyingi kabla ya kuwepo Kenya. Sensa ya 2019 ndiyo iliwahesabu kwa mara ya kwanza, wakaandikwa 1,524 nchi nzima, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikawataja. Yaani shehe anajua fungu la huntha, serikali imemhesabu, halafu mwanafunzi wa shehe huyo huyo anamvizia mwenziwe chooni amuangalie ana nini. Nani kapotoka hapo?

Lakini (na hapa naenda kinyume na walioleta wazo) sikubali watoto hawa wasimamishwe mbele. Amu ni mji wa vichochoro, kinachosemwa Langoni asubuhi kimefika Mkomani kabla ya chai kupoa. Ukimuita mtoto jukwaani na kusema huyu kiongozi wetu kwa sababu ni tofauti, umemwandika usoni, na kilabu kikifungwa mfadhili akiondoka yeye atabaki mtaani na hilo jina. Kama wenzake wamemtaja kwenye karatasi kwa hiari yao, aingie kwa mlango huo walioingilia wengine wote, wala asiulizwe yeye ni nini. Kama hataki, aachwe. Naona waandaaji waliichukulia kuonekana kama ndiyo kuongoza, na ni kosa la watu wanaotoka miji mikubwa ambako mtu anaweza kupotea.

Na wazazi waingizwe, hasa kina mama, manake hiyo ndiyo sehemu ya takwimu za Cambridge ambayo haina ugomvi. Sisi ndio wenye stetasi za vijembe. Mpwa wangu hakuonewa kwa lugha waliyoitoa mtandaoni, waliitoa barazani. (Na mtoto akikosa wa kumwambia, 116 ni simu ya bure, hilo angalau lingebandikwa ukutani bila mkutano.)

Mkutano umeahirishwa. Nilipotoka nikamwambia mpwa wangu, hebu kama ungepewa karatasi, ungewaandika nani darasani kwenu ambao wakisema jambo watu husikia. Hakufikiri hata. Akaandika majina mawili. La kwanza ni la binamu yake, lile sikushangaa sana. La pili ni la yule msichana aliyefungua grupu. Nikamuuliza una hakika? Akanitazama kama mimi ndiye mtoto, akasema, shangazi, si umeniuliza ni nani wanayemsikia, hukuniuliza ninayempenda.