Kinga ya watoto dhidi ya korona: wepesi wa mwanzo na maswali ya baadaye

Mwaka 2020, jijini Melbourne, Australia, wazazi wawili waliugua korona baada ya kuhudhuria harusi. Nyumbani walikuwa na watoto watatu, wote chini ya miaka 10, mmoja akilala nao kitanda kimoja. Watoto walipimwa mara kadhaa kwa PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, na kila mara majibu yakatoka hasi. Lakini mate yao, yalipochunguzwa, yalikuwa na kingamwili za virusi hivyo, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana navyo. Kwa hiyo miili yao ilikuwa imeshakutana na virusi na kuvijibu, ila kipimo hakikuvinasa.

Wanaosema watoto wenye afya waachiwe kinga yao ya asili badala ya kuchanjwa wana hoja nzito hapa. Mwaka 2021 watafiti wa Charité, hospitali ya chuo kikuu jijini Berlin, walionyesha kwamba seli za njia ya hewa za watoto zina vihisio vingi zaidi vya kutambua virusi, hata kabla ya maambukizi. Virusi vikiingia puani, interferoni, protini za mwili za kupambana na virusi, hutolewa mapema na kuzuia visizaane. Kwa mtu mzima hatua hiyo mara nyingi huchelewa, na virusi hupata nafasi ya kushuka hadi kwenye mapafu.

Upande wa pili una hoja ambayo wengi huiruka. Utafiti mwingine wa Melbourne, uliochapishwa mwaka 2022, ulilinganisha watoto na watu wazima walioambukizwa wakiwa na wingi wa virusi unaokaribiana. Watu wazima asilimia 76 walipata kingamwili kwenye damu. Watoto ni asilimia 37 tu. Unaweza kusema mtoto hakuhitaji kingamwili kwa kuwa kinga ya mwanzo ilimaliza kazi. Naikubali tafsiri hiyo, lakini haitoshi kumhakikishia mzazi kwamba mtoto aliyeugua mara moja amekingwa asiambukizwe tena. Vilevile, utafiti unaohesabu walioambukizwa kwa kupima kingamwili pekee unaweza kuwakosa watoto wengi.

Halafu kuna wale ambao kinga yenyewe iliwageuka. Aprili 2020 madaktari wa Uingereza walitoa tahadhari kuhusu watoto waliopata homa kali, vipele, maumivu ya tumbo na moyo kudhoofika, kwa kawaida wiki 2 hadi 6 baada ya maambukizi, hata yale mepesi kabisa. Ni hali adimu, lakini baadhi yao walilazwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, na mzazi hakuwa na namna ya kujua mapema mtoto wake angeangukia upande gani.

Kwetu Afrika picha inabadilika zaidi. Kati ya watoto na vijana 469 waliolazwa kwa korona mwaka 2020 katika nchi sita, zikiwemo Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, asilimia 8.3 walifariki. Hao ni waliolazwa tu, si wote walioambukizwa, na tofauti hiyo ni kubwa sana. Hata hivyo, walio chini ya mwaka mmoja na wenye magonjwa ya damu au ya mapafu ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Ndiyo maana kwa mtoto mzima wa afya naona mjadala wa chanjo una pande mbili za kweli: Septemba 2021 hata kamati ya chanjo ya Uingereza ilisema faida kwa wenye miaka 12 hadi 15 wasio na maradhi ni ndogo mno. Kwa mtoto mwenye selimundu, mojawapo ya magonjwa ya damu, sioni sababu ya kusitasita kumchanja.