Mandazi na Ukurasa Wake

Kwa mama yangu, karatasi ni karatasi. Sanduku langu la bati lilikaa uvunguni mwa kitanda chake huku Uyole tangu nilipohamia Dar, limejaa majarida ya katuni ya Sani ya miaka ya 80: Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Pimbi, ukoo mzima. Mwezi wa saba nikaja Mbeya, baridi imenivisha shuka juu ya koti, nikalifungua niwaonyeshe wapwa zangu tulichokuwa tunakichekea kabla televisheni haijafika Bara 1994.

Nikakuta mahindi ya mbegu.

“Yale makaratasi? Nilimpa mama yako mdogo, si anauza maandazi Kabwe?”

Mama mdogo alinipokea kwa “Ugonile, mwanangu,” akanifungia mandazi kwenye ukurasa wa nane. Nikasahau kula. Foleni ya sabuni nje ya duka la kaya, na jamaa wa bugaluu anajipenyeza mbele, eti ndugu yake katibu kata. Vijana wa bodaboda wakachungulia, wakaangua kicheko. Kumbe wanaicheka suruali! Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa chai akawahurumia, akawapa somo: vita vya Kagera, bidhaa kuadimika, ule unga wa njano tuliouita Yanga, Sokoine na wahujumu uchumi 1983.

“Sabuni zipo,” akagusa picha kwa kidole chenye mafuta. “Mwenye duka kazificha nyuma.”

“Sasa huyu wa bugaluu alizipata?”

Swali zuri. Nikaagiza mandazi jingine. Likaja na kisa kingine kabisa. La tatu, mafuta yamekula maneno. Mzee akaagiza, bodaboda wakachangishana, tumbo likaanza kunituma salamu. Ndipo nikauona ukurasa wa tisa: mikononi mwa abiria, dirishani mwa Coaster ya Tukuyu, inaondoka.

“Panda!” kijana akawasha pikipiki.

Tuliikuta Uyole inashusha abiria, hatua chache tu kutoka kwa mama. Nikagonga kioo, nikamwomba yule bwana karatasi yangu.

“Ngoja nimalize,” akasema bila kuinua macho. Akacheka peke yake, tena sana. Konda akagonga bati, gari hilooo.

Niliporudi Kabwe, mama mdogo alikuwa na mafungu mawili: mandazi tupu mia mbili, mandazi la katuni mia tano.

“Na wewe, mwanangu, utalipa kama wenzako.”