Bima ya baba ni mimi na mbuzi

Nilipofika Kansas, kilichonishtua zaidi ya baridi ni mtama. Mashamba kwa mashamba, mtama mfupi, masuke mekundu, mpaka macho yanachoka. Wenyewe wanauita milo, na wala hawauli: unalishwa ng'ombe, mwingine unatengenezwa ethanoli ya kuchanganywa na petroli. Mimi Mgogo niliyekuzwa kwa ugali wa uwele na mlenda nilisimama kando ya barabara nikacheka peke yangu.

Mkiniuliza Wamarekani wametuzidi nini shambani, mnangoja nitaje matrekta. Hapana. Mbegu nazo hapana: TARI Hombolo, kituo cha utafiti wa kilimo, iko hapo hapo kwetu Dodoma, na mbegu za mtama kama Macia inayowahi kukomaa au Hakika inayohimili kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama, si ngeni. Bwana shamba pia tunaye, na tangu 2022 wengi wao wamepewa pikipiki. (Mafuta ya pikipiki ni hadithi nyingine.)

Wametuzidi kwenye hasara. Mwaka juzi ukame ulimkuta mzee ninayemfanyia kazi. Kabla hajalilima upya shamba lililoharibika alipiga simu, mkaguzi wa bima akaja na buti zake, akapima mistari, akahesabu masuke, akaandika. Bima yenyewe serikali yao inachangia sehemu kubwa ya malipo. Mzee hakutajirika, ila msimu uliofuata alipanda.

Msimu huohuo baba yangu, kule Bahi, alikuwa na ekari tatu. Aliambiwa aachane na mahindi apande mtama, na ushauri ule siupingi. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, milimita 500 na kitu mwaka mzima. Lakini mbegu alizojiandikishia zilifika mwisho wa Februari, yeye ameshapanda za ghalani. Mvua ikakata. Kilichopona kikaliwa na kwelea kwelea. Bwana shamba alikuja, kijana mwenye adabu, akampa pole, akanywa maji, akaandika kwenye daftari. Daftari lile halikurudisha hata debe moja. Mbuzi sita walikwenda mnadani, pengo lililobaki nikaziba mimi.

Huku nako si peponi. Mzee wangu ana deni la benki linalomnyima usingizi, na mtaalamu wa wilaya yake hajui hata ana watoto wangapi. Bwana shamba wetu anawajua hadi wajukuu.

Ila huko Tanzania, ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 ni ya wenzetu wa Mbeya na Ruvuma zaidi kuliko yetu. Baba hanunui mbolea, ana samadi ya zizini, na mvua ikikata hakuna mbolea itakayomwokoa. Bima ya mazao nchini inatajwa, lakini kijijini kwetu sijamsikia hata mmoja aliyeikata. Serikali ikichangia malipo yake kwa wakulima wa mtama wa Bahi na Chamwino kama inavyochangia mbolea, nitaacha kuogopa simu za mwezi wa tatu. Baba huanza kwa kuniuliza hali ya hewa ya huku, na hapo tayari nimeshajua.